Msiniagize Vitamini: Kopo Hili la Glasgow Si Lenu

Haya jamani, hamjambo? Tanga mpo? Mombasa? Na ninyi wa Maskati mnaonitazama kwa kujificha saa za kazi, nawaona. Hapa Glasgow ni saa tisa na nusu alasiri, na hebu tazameni dirishani. Giza hilo linaingia. Mwezi wa Desemba jua huku linachomoza karibu na saa tatu asubuhi, na kabla ya saa kumi jioni limeshazama. Mtu wa zamu ya usiku kama mimi, niliyetoka kuhudumia wazee asubuhi nikalala, nikiamka nakuta siku imekwisha.

Sasa, hili kopo. Tangu mlione kwenye ile video ya manunuzi, simu yangu haipumui. "Dada, ukipata mtu anayekuja nitumie mawili." Shangazi yangu ameagiza matatu, eti vitamini za Ulaya zina nguvu. Jibu langu kwa wote ni moja: situmi. Si uchoyo, kopo lenyewe ni la pauni chache tu. Ila hii ni vitamini D, na ninyi mnaoagiza wengi wenu mnaipata bure mkienda gengeni.

Ngozi ya binadamu ina kitu kinachofanana na kolesteroli. Miale fulani ya jua, inaitwa urujuanimno B, ikikigusa kinageuka kuwa vitamini D. Hiyo inakwenda kwenye ini, kisha kwenye figo, ndipo inakuwa tayari kwa kazi, na kazi yake kubwa ni kuufanya utumbo unyonye kalsiamu ya kwenye chakula. Ikikosekana, unaweza kunywa maziwa mpaka uchoke, mifupa haipati chake. Mtoto anapata matege. Mtu mzima mifupa inalainika, kiuno na mapaja yanauma, kupanda ngazi inakuwa shughuli.

Ipo namna rahisi ya kujua kama jua linakufaa: tazama kivuli chako. Kikiwa kifupi kuliko wewe, miale hiyo inakufikia vizuri. Tanga saa sita mchana mnakikanyaga kivuli miguuni. Mimi hapa mwishoni mwa Desemba, saa sita hiyohiyo, na jua likiwaka kweli, kivuli changu ni kama mara tano ya urefu wangu. Jua limelala pembeni, miale inapita kwenye hewa ndefu mno na ile B inaishia njiani. Kwa hiyo huku kuanzia Oktoba mpaka mwanzoni mwa Machi ngozi haitengenezi kitu cha maana, hata ukikaa nje umevaa kaptula, na hakuna wa kukaa nje amevaa kaptula. Kuota jua nyuma ya dirisha nako hakusaidii, kioo kinaizuia miale hiyo.

Sisi weusi tuna mzigo wa ziada. Melanini, ile rangi ya ngozi inayotukinga na jua kali la kwetu, ndiyo hiyohiyo inayotubania huku, ngozi yetu inahitaji muda mrefu zaidi juani. Ndiyo maana serikali ya Uingereza inamshauri kila mtu afikirie kumeza mikrogramu 10 kwa siku wakati wa vuli na baridi, lakini wenye asili ya Afrika, Karibiani na Asia Kusini inawaambia wafikirie kumeza mwaka mzima. Mji huu wenyewe una historia. Enzi za moshi wa viwanda watoto wa Glasgow walijaa matege, weupe kabisa hao. Ugonjwa ulipopungua, miaka ya 1960 na 1970 ukaonekana tena kwa watoto wa wahamiaji kutoka Asia.

Sasa linganisheni na nyumbani. Mwaka 2012 ulichapishwa utafiti uliopima vitamini D kwenye damu za Wamasai na Wahadzabe wanaoishi maisha ya asili pale kwetu Tanzania. Wastani wao ulikuwa nanomoli 115 kwa lita. Huku Uingereza unahesabiwa una upungufu ukiwa chini ya 25. Mimi majibu yangu yalipotoka, nesi aliniangalia kwa huruma. Mhadzabe hana kopo wala hajui duka la dawa liko wapi, na ananizidi mbali.

Ngoja nisogeze kamera, nataka msome nyuma ya kopo. Hapa: mikrogramu 25. Pembeni yake: IU 1000. IU ni kipimo kingine cha kitu kilekile, mikrogramu moja ni IU 40, msidhani ni dawa mbili. Halafu hapa, hapa ndipo watu wanapochanganyikiwa: asilimia 500. Binti mmoja aliniandikia, "Dada, asilimia mia tano si sumu hiyo?" Hapana. Lebo za huku zinapiga hesabu kwa kiwango cha zamani cha mikrogramu 5, kwa hiyo hata ile 10 ya serikali inaandikwa asilimia 200. Mpaka wa kuogopa kwa mtu mzima ni mikrogramu 100 kwa siku. Ukizidisha hapo kwa muda mrefu, kalsiamu inajaa kwenye damu na figo zinaumia. A, D, E na K zinakaa kwenye mafuta ya mwili, hazitoki na mkojo kirahisi kama C na jamii ya B. Kwa hiyo ile tabia ya kumeza vidonge viwili "ili vifanye kazi haraka", acheni. Na Waislamu wenzangu someni viambato: vidonge laini vingi vina jelatini, inayotengenezwa kwa ngozi na mifupa ya wanyama, na si kila jelatini ni halali.

Wa Maskati, ninyi sikuwasahau. Ghuba jua ni la kuunguza, lakini upungufu wa vitamini D huko ni mkubwa, kwa sababu joto linawafungia watu ndani kwenye kiyoyozi, gari, ofisi, gari, nyumbani. Ninyi kapimeni. Hata Dar, mtu anayeshinda ndani kutwa, au mzee asiyetoka kitandani, aulize daktari.

Shangazi sasa. Upungufu wa kuuhangaikia nyumbani ni mwingine. Kuna vitamini A, inayolinda macho na kinga ya mwili. Mtoto anayejikwaa kwenye vyombo ikifika magharibi wakati wenzake wanaona, msimcheke, mpelekeni kituo cha afya. Yale matone ya Juni na Desemba kwa watoto kuanzia miezi sita hadi kabla ya miaka mitano ni kwa ajili hiyo, msiyakimbie. Chakula chake mnacho: maembe, papai, mawese, viazi lishe vile vya rangi ya chungwa, mchicha, matembele. Ila mchicha jamani! Mnauchemsha, mnakamua, mnamwaga maji, mnakula makapi. Foleti, moja ya vitamini za jamii ya B, na vitamini C zimekwenda na yale maji. Ukatie kwenye sufuria, maji kidogo, uunge kwa nazi au mafuta, kwa sababu vitamini A bila mafuta hainyonywi vizuri.

Na sembe. Najua ni jeupe, najua wageni wakija dona linaonekana kama la kimaskini. Lakini mashine ya kukoboa inaondoa ganda na kiini, na humo ndimo vitamini B nyingi zilimo. Kukoboa mchele mpaka ung'ae ndiko kulikoleta beriberi, ugonjwa wa kukosa vitamini B1, kule Asia, na Mholanzi Eijkman aligundua kisa hicho Java miaka ya 1890 kwa kuangalia kuku tu: waliolishwa wali mweupe walilegea miguu, waliokula usiokobolewa wakasimama. Shangazi, nunua dona, dagaa na mayai. Dagaa wenyewe wana vitamini D na B12, na mifupa yao unaitafuna ukapata kalsiamu humohumo.

Kuna jambo moja linaniudhi kuliko yote. Watu wanawatumia wadogo zao wajawazito mafuta ya ini la samaki kutoka huku, kwa upendo kabisa. Yana vitamini A nyingi ya aina ambayo ikizidi inaweza kumdhuru mtoto tumboni. Huku mjamzito anaambiwa asiyaguse, na maini pia aache. Cha kwake ni foliki asidi, yaani foleti ya vidonge, na hiyo ianze kabla ya mimba ikiwezekana, kwa sababu uti wa mgongo wa mtoto unajifunga wiki za mwanzo, mama mwenyewe pengine hajajua.

La mwisho ni la wazazi wetu wenye sukari. Metformini, ile dawa ya sukari, ikitumiwa miaka mingi inaweza kushusha B12, na dalili yake, ganzi miguuni, inafanana na ya sukari yenyewe, kwa hiyo watu wanaizoea. Msiisimamishe dawa. Mwambieni daktari apime B12.

Mwenye swali aandike hapo chini, ila majibu yako ya maabara usiyaweke hadharani, niandikie pembeni. Mimi zamu yangu inaanza saa mbili usiku, nikarudi kulala kidogo.