Kabla Hujasema "Nalichukua"

Mazungumzo na vijana wenye magari na wanaotamani kuwa nayo, Mtwara Mjini

Shikamooni wazee wangu. Vijana, hamjambo? Naomba mliokaa huko nyuma msogee mbele kidogo, maana sauti yangu imeliwa na vumbi la msasa miaka mingi, na kipaza sauti hiki nacho kina kutu. (Kicheko.) Msicheke, tutafika huko huko.

Nimeombwa nizungumzie namna ya kukagua gari la spoti lililotumika kabla ya kulinunua, hasa kutu na uvujaji. Najua mzee mmoja hapa anajiuliza: Mtwara na gari la spoti wapi na wapi? Mzee wangu, njoo ukae gereji kwangu msimu wa korosho. Mnada ukishalipa, simu inaanza kulia. "Mjomba, nimeona Subaru ina tabo," yaani turbo, ile feni ya kuisukumia injini hewa zaidi. "Mjomba, kuna kigari Dar cha milango miwili, paa linafunguka." Na sisi huku mnatujua, mpwa akitaka kuoa au kununua kitu kikubwa, mjomba hana pa kukimbilia. Nimekuwa mjomba wa watu wengi kuliko waliozaliwa na dada zangu.

Mpwa wangu wa kweli, mtoto wa dada yangu, aliniletea Mazda Roadster jekundu. Hii ndiyo MX-5, ile iliyotoka mara ya kwanza mwaka 1989, na kule Japani ikiuzwa kwa jina la Eunos Roadster. Gari dogo, watu wawili, injini mbele, linasukuma kwa matairi ya nyuma. Lilikuwa linang'aa kama sahani ya harusi. Muuzaji alikuwa amelileta limeoshwa mpaka injini, kapeti zimepigwa manukato. Mpwa akaniambia, "Mjomba, angalia mwenyewe, halina hata tone." Nikamwambia hilo ndilo linanipa wasiwasi. Injini ya gari la zaidi ya miaka ishirini isiyo na vumbi ni sawa na mtu aliyenawa uso kabla ya kuitwa na polisi.

Mimi nikikagua gari nafuata maji. Sianzi na rangi wala mlio wa ekzosi. Najiuliza: mvua ikilinyeshea gari hili, maji yanapita wapi, yanatokea wapi, na yanakwama wapi? Kutu ni maji yaliyoingia yakakosa pa kutokea. Uvujaji ni majimaji yaliyotakiwa kubaki ndani yakapata njia.

Kutu inataka vitu vitatu: chuma, hewa, maji. Chumvi ni mchochezi. Inafanya maji yapitishe umeme vizuri zaidi, na kule kuliwa kwa chuma ni kazi ya umeme mdogo mdogo. Tena chumvi inavuta unyevu, ndiyo maana chuma chenye chumvi hakikauki vizuri usiku. Sasa jiulizeni tunaishi wapi. Shangani, Mikindani, Msanga Mkuu, upepo wa kusi unavuma miezi na miezi ukitoka baharini. Msimbati watu wanaendesha mchangani kabisa, maji ya bahari yanapiga chini ya gari, halafu jioni wanapangusa vioo tu. Na gari lililokuwa likibeba chumvi kutoka mashambani kule Lindi, hilo usiniite hata kuliangalia.

Lakini msiwalaumu watu wa pwani peke yao. Gari linaweza kutoka Japani likiwa limekwisha kuliwa. Kule kaskazini, Hokkaido na mikoa ya theluji, wanamwaga chumvi barabarani ili barafu iyeyuke. Gari limeendeshwa humo majira ya baridi mara kumi, chini limekuwa kama ngalawa iliyooza. Kwa hiyo ukiagiza, omba karatasi ya mnada wa magari wa kule Japani. Ina mchoro wa gari na herufi. S ni kutu, C ni kutu iliyokwisha kula chuma, W ni sehemu iliyonyooshwa na kupakwa rangi. Watu wengi wanatazama alama ya jumla tu, nne au tatu na nusu, wanashangilia. Zile herufi ndogo ndizo zinazokuambia kilichompata mgonjwa.

Turudi kwa Roadster. Paa lake ni turubai. Mvua ikinyesha, maji yanashuka kwenye mfereji nyuma ya viti, yanaingia kwenye vitundu viwili, kimoja kila upande, yanatokea chini ya gari. Ni ufundi mzuri, ila vitundu ni vidogo. Gari likilazwa chini ya mwembe au mkorosho miaka mitatu, majani na vumbi vinaziba. Maji yanafurika, yanaingia chini ya kapeti na ndani ya kizingiti cha mlango. Kizingiti nakiita ile boriti ya chini unayoiruka ukiingia kwenye gari. Ndani ina uwazi. Inaanza kuoza kutoka ndani kuja nje, na pa kwanza ni mwisho wake, mbele kidogo ya tairi la nyuma. Ukiona kiputo cha rangi pale ukubwa wa kidole, jua chuma kimeshatoboka. Rangi ndiyo inayoshikilia.

Nilimwambia mpwa alete chupa ya maji. Nikamimina taratibu nyuma ya kiti cha kulia, tukachungulia chini. Yakatoka vizuri. Nikamimina kushoto. Kimya. Tukangoja. Baadaye kapeti la kushoto likaanza kubadilika rangi. Muuzaji akaanza kuongea na simu ambayo haikulia. (Kicheko.)

Kwa nini nahangaika na kizingiti kuliko mlango au mudgadi? Kwa sababu gari dogo halina chesi, ile fremu ya chuma ya chini, kama Fuso. Bodi lenyewe ndiyo chesi. Na gari likikatwa paa, ule mzigo uliokuwa ukibebwa na paa unahamia chini, kwenye vizingiti. Kikioza, gari linajikunja. Jaribio langu ni hili: fungua na ufunge mlango gari likiwa chini, sikiliza. Halafu piga jeki upande ule, pale palipowekewa jeki, kwa mwenye gari kukubali. Kama pale pa jeki panabonyea kama boksi la biskuti, maliza mazungumzo. Kama pamekaza, fungua na ufunge mlango tena. Ukianza kukwaruza ilhali mwanzo haukukwaruza, gari limelegea kiuno.

Sumaku watu wengi mnaijua. Funga kwenye kitambaa laini usikwaruze rangi ya mtu, pitisha taratibu kwenye mudgadi na mwisho wa vizingiti. Pakiwa na puti nene, ule ulojo wa kuzibia mashimo ya bodi kabla ya rangi, sumaku haishiki. Ila kuna kijana aliwahi kuja kugombana na muuzaji, boneti la Roadster halishiki sumaku hata kidogo, anapiga kelele, "Boneti zima puti!" Boneti la Roadster ile ya kwanza ni aluminiamu. Sumaku haiwezi kushika hata likiwa jipya. Jifunze gari kabla ya kumtukana mtu.

Roadster ya toleo la pili, ya kuanzia mwaka 1998, ina ugonjwa wake mwingine: boriti mbili za mbele, chini ya injini, zimejengwa kwa mabati yaliyolaliana. Uchafu na maji vinaingia katikati. Huwezi kuziona umesimama. Lala chini. Ukishindwa kulala chini kwa sababu ya suruali nyeupe, hujawa tayari kununua gari la spoti. Gonga kwa mpini wa bisibisi: chuma kizima kinalia, kilichooza kinajibu kwa sauti ya boksi. Usichome kwa ncha ya bisibisi gari lisilo lako bila kuomba ruhusa, ukitoboa, umelinunua.

Na mkikuta chini kote pamepakwa lami nyeusi mpya, isiyo na hata tope, msifurahi. Lami juu ya chuma safi ni kinga. Lami juu ya kutu ni blanketi juu ya donda.

Hapa niwaambie aibu yangu. Nikiwa kijana, tayari nikijiita fundi, nilinunua Toyota Celica kule Lindi. Rangi mpya, viti vizuri, mlio mtamu. Nililikagua usiku kwa taa ya simu, kwa sababu muuzaji alisema anasafiri alfajiri. Mvua za Desemba zilipoanza, nikafika Mtwara viatu vimelowa. Nikang'oa kapeti. Sakafu upande wa dereva ilikuwa bati la debe la mafuta ya kula, limebandikwa kwa puti, maandishi bado yanasomeka. Nilikuwa nimekanyaga debe kilomita mia moja na zaidi. Tangu hapo sikagui gari usiku, wala gari la mtu anayesafiri alfajiri. Na kila gari naingiza mkono chini ya kapeti, nanusa vidole. Harufu ya ukungu haisemi uongo. Vuta na mkanda wa kiti mpaka mwisho: ukikuta mstari wa tope kule ndani, gari limewahi kukaa kwenye mafuriko.

Sasa uvujaji. Ombi la kwanza kwa muuzaji: usilioshe, usiliwashe kabla sijafika. Nataka kulikuta la baridi. Usiku uliopita, kama anakubali, atandike boksi kubwa chini ya injini mpaka giaboksi na difu, ile ya kugawa nguvu kwa matairi ya nyuma. Asubuhi boksi litaeleza lenyewe. Oili ya injini ni ya kahawia au nyeusi. Ya giaboksi na difu ina harufu kali ya kukera. Maji ya rejeta yana rangi, kijani au pinki, na utamu fulani puani. Ya breki na klachi ni mepesi na yanakula rangi. Tofautisha jasho na tone. Gari la umri huo likitoa jasho kwenye kava ya tapeti, kile kifuniko cha vali za injini, hiyo ni gasketi, kiziba cha katikati ya vyuma viwili, tunabadilisha tunaendelea. Tone linalorudi kila asubuhi linahitaji jibu.

Kwenye lile Roadster nilikuta oili nyuma ya injini, imeshuka mpaka kwenye nyumba ya klachi. Fundi mvivu atasema sili ya nyuma ya krenkshafti, kile kiziba cha mhimili unaozungushwa na pistoni, imekufa, tushushe giaboksi, na bei inapanda hapo hapo. Lakini kwenye injini zile kuna sensa nyuma ya silinda hedi, kile kichwa kinachofunika silinda, karibu na ukuta wa moto, yaani ukuta kati ya injini na abiria, ina mpira mdogo wa duara. Miaka ikipita mpira unakakamaa, oili inachuruzika nyuma na kutua pale pale. Kwa hiyo pangusa, endesha, kisha tazama tena kuanzia juu. Oili inashuka, haipandi. Chanzo kipo juu ya doa siku zote, au mbele yake kwa sababu ya upepo. Chungulia pia silinda ndogo ya klachi kwenye giaboksi. Funua kile kimpira chake, kikiwa kimelowa, klachi itakuacha njiani. Na kichwa cha plastiki cha rejeta kikigeuka kutoka weusi kuwa kahawia, kinakaribia kupasuka.

Subaru, najua mnaingoja. Silinda zake zimelala, mbili kulia, mbili kushoto. Kava za tapeti ziko pembeni, kwa hiyo oili inakaa kwenye ukingo wa chini wa gasketi na kudondokea ekzosi. Ukisimama taa ya barabarani ukanusa oili inayoungua, umeshapata jibu. Kubwa zaidi ni gasketi ya silinda hedi. Injini ikiwa ya baridi, na ya baridi tu, fungua kifuniko cha rejeta. Nisisikie mtu ameungua akasema mjomba alimwambia. Tazama kama maji yana utando wa oili. Washa, acha ipate moto, tazama kwenye tangi la akiba bila kufungua kitu: mapovu yasiyokoma maana yake gesi ya silinda inaingia kwenye maji. Angalia na oili kwenye kijiti chake: ikiwa kama chai ya maziwa, maji yameingia. Moshi wa bluu ni oili, moshi mweupe mzito wenye harufu tamu ni maji ya rejeta. Na umpeleke mtu nyuma ya gari atazame wakati wewe unakanyaga, maana wewe utakuwa unasikiliza tabo na kutabasamu.

Nasikia swali kule. Kijana anauliza: nikikuta kutu, niache kabisa? Inategemea iko wapi. Kutu kwenye mlango, boneti, buti, hivyo vinafunguliwa kwa spana, unaweka kingine. Kutu kwenye vizingiti, boriti za mbele, pale juu shokapu inaposhikia bodi, hapo ni kukata na kuchomelea, na si kila mwenye mashine ya kuchomelea anajua kulishikilia bodi lisipinde anapokata. Oili inayovuja mimi sigombani nayo sana. Naipunguza kwenye bei. Kutu ya boriti haipunguzwi kwenye bei, maana hujui itaishia wapi mpaka ukate.

Mama pale mbele anauliza kama mpwa alilichukua lile jekundu. (Kicheko.) Mama yangu, nilimwambia asilichukue. Akaniitikia "Ndiyo mjomba," kwa adabu zote. Wiki iliyofuata likaingia gereji kwangu likiwa na kadi yenye jina lake. Lipo hapo sasa hivi, kizingiti cha kushoto kimekatwa, mlango umefungwa kwa kamba. Anayetaka kuona ndani ya kizingiti kunakuwaje, aje kesho saa mbili asubuhi, kabla jua halijawa kali. Aje na tochi, na asivae nyeupe.