Embe Haliliwi kwa Kisu

ZUHURA: Wapenzi wasikilizaji, karibuni tena. Mimi Zuhura, yupo Festo, tuko Kinondoni kama kawaida, feni inalia kama kawaida. Leo herufi zikinitoka nzito, nivumilieni, mdomo bado haujarudi saizi yake.

FESTO: Mngemwona Jumanne! Kaja na barakoa, nikajua mafua. Alipoivua nikamuuliza, dada, nani kakupiga?

ZUHURA: Hakunipiga mtu. Jumapili nilikwenda kumwona bi mkubwa Kigamboni. Ule mwembe wake wa dodo msimu huu umezaa mpaka matawi yameegemezwa kwa miti. Nikachuma, nikafuta kwa kanga, nikang'ata pale kwenye kikonyo nikachana ganda kwa meno, kama nilivyokula tangu utoto. Jumapili salama. Jumatatu mchana pembe za mdomo zinawasha. Usiku mdomo wa juu umevimba, na vipele vidogo vya maji vimejipanga ukingoni, vimeteremka mpaka kidevuni.

FESTO: Kidevuni upande gani?

ZUHURA: Huu wa kulia. Palepale maji ya embe yalipochuruzika.

FESTO: Ndiyo maana nilisema ile mada ya vikoba isubiri. Mdomo ukichora ramani ya ulichokula, hapo kuna somo. Nimekuja na mambo matano kwenye daftari, yote ya mdomo na kinga ya mwili.

ZUHURA: Matano! Haya, la kwanza.

FESTO: La kwanza ni hilo embe. Ukichuma embe, kikonyo kikikatika hutoka utomvu, mwembamba, unanukia kama tapentaini. Watoto wote wa Pwani wanaujua, ukikurukia shavuni unababuka na alama nyeusi inabaki. Sasa ndani ya utomvu ule, na ndani ya ganda, mna kemikali za ukoo wa urushioli, zinazobabua ngozi. Kwenye nyama ya embe ni chache mno. Mtu anaweza kula embe lililomenywa mwaka mzima asipate kitu, halafu siku moja akachana ganda kwa meno, mdomo ukaumuka.

ZUHURA: Lakini mimi nimechana kwa meno miaka yote.

FESTO: Na mzio wa aina hii ndivyo ulivyo. Kwanza kinga ya mwili ikutane na kile kitu, ikihifadhi. Inaweza kukutana nacho mara nyingi kimya kimya. Siku ikiamua kuwa huyu ni adui, kila ukimgusa inatuma askari wake. Na askari hawa ni chembe zinazotembea zenyewe mpaka kwenye ngozi, kwa hiyo wanachelewa. Siku moja, mbili, hata tatu. Ukila Jumapili unavimba Jumatatu usiku, na embe umeshalisahau.

ZUHURA: Mdogo wangu alishikilia kuwa ni lipstiki.

FESTO: Ingeweza kuwa lipstiki, hata dawa ya meno yenye ladha ya mdalasini inafanya hivyo hivyo. Ila lipstiki haichuruziki kidevuni. Sasa nikuulize, utoto wako ulikuwa Kigamboni?

ZUHURA: Newala. Kigamboni tumehamia nikiwa darasa la sita.

FESTO: Newala! Kwenye korosho!

ZUHURA: Korosho tumezichoma sisi. Unachukua bati kuukuu, unalitoboa matundu, unazimwaga juu ya moto, zinatoa mafuta zinawaka zenyewe. Moshi ule ukikupiga usoni unashinda umevimba macho. Mama alikuwa anatupaka majivu mikononi kabla ya kubangua.

FESTO: Wasikilizaji, mmesikia? Mkorosho na mwembe ni ukoo mmoja. Mafuta ya ganda la korosho yana kemikali ndugu na zile za ganda la embe, ndiyo yanayobabua mikono ya akina mama wanaobangua kule Mtwara na Lindi. Kinga iliyojifunza kwa korosho inaweza kulitambua embe. Inawezekana kabisa mdomo wako ulianza safari hii Newala, dada.

ZUHURA: Embe ng'ong'o je?

FESTO: Nalo wa ukoo huohuo, ingawa si embe.

ZUHURA: Jamani. Haya, dawa ya haya yote ni nini?

FESTO: Kisu.

ZUHURA: Nilijua! Wasikilizaji wa zamani, mnamjua Festo na kisu chake. Huyu mtu anatembea na kisu kidogo cha kukunja kwenye begi, kwa ajili ya embe tu.

FESTO: Na maparachichi. Sikiliza, unakata kikonyo, unaliinamisha embe utomvu uchuruzike chini usipite kwenye ganda. Unaliosha vizuri. Unamenya, unakata vipande, unatia kwenye sahani. Mdomo haujagusa ganda hata kidogo. Ukimaliza unanawa mikono kabla hujajipangusa uso.

ZUHURA: Hilo si embe tena. Hilo ni chakula cha mgonjwa.

FESTO: Ni embe lilelile!

ZUHURA: Embe la kisu limekosa nini? Limekosa kokwa. Utamu wa embe uko kwenye kokwa, pale unapolinyonya mpaka nyuzi zinaganda kwenye meno.

FESTO: Ukishalimenya, kokwa nyonya. Sikukatazi kokwa.

ZUHURA: Sasa embe sindano unalimenyaje kwa kisu? Dogo vile, ukimaliza kumenya limebaki kokwa tupu. Sindano linatobolewa kichwani, unalifinya, unavuta.

FESTO: Unalifinya mdomo ukiwa wapi? Kwenye kikonyo! Palepale utomvu unapotokea!

ZUHURA: [anacheka] Na kuna msikilizaji wa Mbagala katuma sauti baada ya kuona tangazo la mada. Anasema embe halali linaliwa juu ya mti, likishuka chini limepoteza nusu ya ladha.

FESTO: Huyo ndiye wa kuonya hasa. Juu ya mti anakula yaliyoiva na mabichi, na embe bichi ndilo lenye utomvu mwingi. Wale vijana wa pale Makumbusho wanaouza embe bichi la chumvi na pilipili wanamenya kwanza, na wanamenya vizuri. Ule mfuko kula. Ila pilipili kwenye mdomo uliobabuka, utalia.

ZUHURA: Nililia Jumatano.

FESTO: Jumatano ulikula embe tena?

ZUHURA: Bichi. Lililomenywa. Halikunifanya kitu zaidi ya pilipili, kwa hiyo hapo nakuunga mkono, ganda ndilo lenye kesi. Ila bolibo silimenyi kwa kisu. Bolibo ganda lake laini, linavuliwa kwa vidole.

FESTO: Vidole vinakwenda mdomoni.

ZUHURA: Kila kitu kwako kinakwenda mdomoni!

FESTO: Ndiyo mada ya leo! Haya, tuambie ulitumia nini.

ZUHURA: Nilikwenda duka la dawa hapo kona. Binti kaniangalia, kaniuliza kama napumua vizuri, kama nameza, kaniuliza nimekula nini. Kanipa Piriton na tyubu ya kupaka. Muwasho ukatulia, nikalala. Ijumaa uvimbe umeshuka.

FESTO: Hapo ndipo ninapokwama. Piriton inazuia histamini, ile kemikali ya mwili inayoleta mzio wa haraka, na huo mzio wa kuchelewa hauendeshwi na histamini. Ulilala kwa sababu Piriton inaleta usingizi. Tyubu ndiyo iliyofanya kazi, na tyubu ile ulisoma ina nini?

ZUHURA: Nilisoma. Betamethasoni, dawa ya fangasi, na antibayotiki.

FESTO: Tatu kwa pamoja. Betamethasoni ni steroidi, inatuliza mzio wa ngozi kweli. Lakini ngozi ya mdomo ni nyembamba, ukiizoesha inachubuka, na hapa mjini hizo tyubu watu wanazifahamu kwa kujichubua uso. Na kama pembe za mdomo zimepasuka kwa upungufu wa madini ya chuma, au fangasi walioingia kwa sababu kinga ya mwili imeshuka? Tyubu inafunika, unapendeza, ugonjwa unaendelea chini kwa chini. Mdomo ukivimba mara ya kwanza, uangaliwe hospitali.

ZUHURA: Festo, ngoja. Unajua hospitali ni nini kwa mama ntilie wa Tandale? Ni kuondoka alfajiri, foleni ya kadi, foleni ya daktari, foleni ya maabara, na siku hiyo hakupika. Hakupika, hakuna hela. Kwa vipele vya embe? Serikali yenyewe ilianzisha Maduka ya Dawa Muhimu, ilianza Ruvuma 2003, ikafundisha wauzaji, kwa sababu ilijua watu wanaanzia dukani. Yule binti aliniuliza maswali sahihi.

FESTO: Huyo aliuliza. Wangapi hawaulizi? Shangazi yangu ana presha, alikuwa anatumia enalaprili, miaka. Asubuhi moja kaamka mdomo wa chini umejaa, ulimi unaanza kuwa mzito. Nyumbani wakampa Piriton. Haikugusa kitu, kwa sababu uvimbe ule hauletwi na histamini, unaletwa na kitu kingine kinaitwa bradikinini, ambacho dawa zile za presha zinakiacha kirundikane. Kaptopili, enalaprili, lisinoprili, zote. Inaweza kutokea wiki ya kwanza, inaweza kutokea baada ya miaka. Na sisi Waafrika inatupata zaidi. Pale dukani nani angemuuliza anatumia dawa gani ya presha?

ZUHURA: Shangazi ulimi ulikuwa mzito. Ulimi ukivimba, sauti ikikwaruza, koo likibana, pumzi ikipungua, hapo hata mimi sibishani, ni bodaboda, ni bajaji, ni chochote mpaka hospitali, usiku huohuo. Nilichokuwa nacho mimi ni vipele kwenye ngozi, na nilijua ni embe.

FESTO: Ulijua kwa sababu nilikwambia mimi.

ZUHURA: Bi mkubwa aliniambia kabla yako, kwa simu, hata hajaniona! Watu wanajijua, Festo. Baba yangu, enzi zile salfa ndiyo ilikuwa dawa ya kwanza ya malaria, kati ya 2001 na 2006 kabla ya dawa mseto. Kila akimeza SP, yaani hiyo salfa, mdomo wa chini unatoka lengelenge mahali pamoja. Linapasuka, linaacha doa jeusi. Akimeza tena, palepale, tena jeusi zaidi. Hakuna daktari aliyemwambia. Alikaa mwenyewe akaunganisha, akasema salfa basi. Na kila alipokwenda kutibiwa baada ya hapo akawa anasema, nina aleji ya salfa.

FESTO: Na mimi namchukua mzee huyohuyo. Alirudia kumeza mpaka akagundua mwenyewe, si ndiyo? Mzio wa salfa una sura nyingine. Kuna ule ambao midomo yote inababuka, ndani ya kinywa ngozi inavuka, macho yanawaka, mwili unatoka malengelenge. Stevens-Johnson. Huo haukupi nafasi ya kuunganisha. Angeangaliwa mara ya kwanza, angeandikiwa kwenye kadi mara ya kwanza.

ZUHURA: Nani angemwandikia? Zahanati ilikuwa mbali kijiji kizima.

FESTO: Sasa hatuko kijijini. Tuko Dar. Muhimbili wana kliniki ya kinywa na meno.

ZUHURA: Mama ntilie wa Tandale naye yuko Dar, Festo. Hapo ndipo hunisikii.

FESTO: Nakusikia. Ila sitoki kwenye neno langu, mdomo uliovimba mara ya kwanza uonwe na daktari.

ZUHURA: Nami sitoki. Duka zuri kwanza, hospitali ukiona zile dalili.

FESTO: Duka zuri utalijuaje?

ZUHURA: Kwa maswali yake. Nimeshasema.

FESTO: Maswali ya dawa ya presha aliuliza?

ZUHURA: Sinywi dawa ya presha!

FESTO: Hakujua hilo!

ZUHURA: [kimya kidogo] Wasikilizaji tusaidieni. Tumeni sauti. Na mkituma, semeni pia embe linaliwaje, maana huyu akishinda la hospitali, la kisu hatalipata.

FESTO: Fundi ananyoosha vidole. Dakika mbili.

ZUHURA: Mbili! Daftari lako limefika la ngapi?

FESTO: La kwanza, na halijaisha. Kuna vidonda vya ndani ya shavu vinavyorudi rudi, kuna wale wenye michirizi myeupe kama lesi ndani ya shavu, kuna wale ambao malengelenge yanaanzia kinywani miezi kabla ya mwili, kuna kamba, wale wa baharini.

ZUHURA: Toa la kamba, hilo ndilo la Ferry, sokoni kwa samaki.

FESTO: La kamba halitoki kwa dakika mbili. Linaingia mpaka kwenye kaa, mpaka kwenye mende.

ZUHURA: Mende?

FESTO: Protini ileile. Mwili unaomkataa kamba unaweza kumtambua mende wa chooni.

ZUHURA: Hapana, hilo huwezi kuliacha hapo!

FESTO: Naliacha hapo. Ila mmoja lazima nimseme. Anayekula kamba au kaa, na ndani ya dakika chache ulimi unawasha, midomo inajaa, mwili unatoka mabaka yaliyovimba yanayowasha, huyo ni tofauti kabisa na wa embe. Huyo asisubiri kesho, na asijijaribu tena nyumbani kwa kipande kidogo. Aende hospitali, na anachohitaji ni sindano ya adrenalini, si vidonge.

ZUHURA: Kwa huyo tunakubaliana.

FESTO: Kwa huyo, ndiyo.

ZUHURA: Na jodari aliyelala je, yule anayewasha mdomo kama pilipili?

FESTO: Huyo si mzio, ni sumu ya histamini, ukimkaanga haitoki, na fundi ameshaanza kuzima taa.

ZUHURA: Fundi, nusu dakika tu, ya mende...

FESTO: Wiki ijayo, dada.

ZUHURA: Wiki ijayo ni vikoba!