Meja Kwenye Kiti cha Kulia

NEKESA: Karibuni tena. Leo tunamzungumzia rubani wa jeshi: akishavua magwanda, anaelekea wapi? Kioko, hili liko kwenu nyumbani.

KIOKO: Kabisa. Mjomba wangu alirusha F-5 pale kambi ya Laikipia, Nanyuki. Watu wakisikia hivyo wanadhani alipotoka jeshini mashirika ya ndege yalimgombania. Wapi!

NEKESA: Kwani rubani wa ndege ya kivita si ndiye rubani hasa?

KIOKO: Ngoja. Nimekuja na logibuku yake, lile daftari la kuandikia kila safari ya angani, si umeiona? Soma huo ukurasa.

NEKESA: Tarehe, aina ya ndege, alikotoka, alikofika, muda. Nanyuki, Nanyuki, saa moja na dakika tano. Nanyuki, Nanyuki, dakika hamsini. Heh! Huyu mzee hakuwa akienda popote!

KIOKO: Ndiyo kazi yenyewe. Unapaa, unafanya zoezi, mafuta yanakwisha, unarudi ulikotoka. Sasa mwenzake aliyekuwa kambi ya Eastleigh, Nairobi, akirusha Buffalo, ndege ya mizigo, yeye ni Wajir, Mandera, kisha nyumbani. Miaka ileile, lakini wa mizigo ana saa nyingi zaidi angani. Na leseni kamili ya ukapteni wa shirika inadai saa 1,500. Nilidhani mashujaa ni wale wa ndege za kasi, kumbe logibuku nono ni ya dereva wa lori la angani.

NEKESA: Marekani nimesikia wanawapunguzia.

KIOKO: Ndiyo, tangu 2013 aliyefunzwa jeshini anaweza kupata leseni yenye masharti akiwa na saa 750. Lakini hiyo inamwezesha kuwa rubani msaidizi tu, si kapteni.

NEKESA: Na cheo chake je? Meja mzima!

KIOKO: Cheo kinabaki getini, dada. Mashirika makubwa mengi yanafuata orodha ya ukongwe, na ukongwe wako unaanza siku uliyoajiriwa. Likizo, safari unazopangiwa, zamu yako ya kupandishwa kuwa kapteni, vyote vinategemea orodha hiyo. Mjomba alikaa kiti cha kulia, cha rubani msaidizi, na kushoto kwake kapteni kijana wa umri wa mwanawe. Kijana anasema "gia juu," Meja anainua magurudumu. Mwaka wa kwanza ulimchoma, hata leo huwa hapendi kuuzungumzia.

NEKESA: Mimi bado nasema jeshi lina kitu linachompa mtu. Chukua rubani Sullenberger. Alirusha ndege ya kivita ya F-4 katika jeshi la anga la Marekani, akaingia ndege za abiria mwaka 1980. Januari 15, 2009, kundi la ndege wa mwituni linagonga Airbus A320 yake ya abiria, injini zote mbili zinapoteza nguvu, anaitua kwenye mto Hudson. Watu 155, wote wakanusurika.

KIOKO: Sikatai. Ila mwezi uliofuata yeye huyohuyo alilieleza bunge lao kwamba mshahara wake ulikatwa kwa asilimia 40 na pensheni ya shirika ikafutwa. Dunia nzima inampigia makofi, na pensheni haipo!

NEKESA: Eh! Basi afadhali pensheni ya jeshi.

KIOKO: Mjomba husema ndiyo iliyomsomeshea watoto, ya shirika ilikuja baadaye kama nyongeza.

NEKESA: Na mwisho wa kurusha ni lini?

KIOKO: Ndege kubwa za kimataifa ni miaka 65. Zamani ilikuwa 60, ikaongezwa mwaka 2006. Lakini wengi hawaogopi siku ya kuzaliwa, wanaogopa daktari. Ukishapita 60 unapimwa kila miezi sita: macho, moyo, presha. Moyo ukiruka kidogo kwenye kipimo, leseni inawekwa kando hata kama jana ulitua vizuri.

NEKESA: Halafu ukae Ngong ukihesabu kuku.

KIOKO: Alijaribu hao kuku. Walimshinda. Sasa anafundisha kwenye simuleta, mashine ya kuigiza urushaji wa ndege, kwa sababu ile sheria ya 65 ni ya wanaobeba abiria na mizigo kwa malipo, na mashine ile haitoki sakafuni. Vijana wanamlalamikia sana. Ndege ndiyo kwanza inainua pua, yeye anawazimia injini ya kushoto. Tena anawawekea Nairobi saa nane mchana, joto, hewa nyepesi ya futi zaidi ya 5,000, na ndege imejaa.

NEKESA: Ukatili huo!

KIOKO: Anasema wakilia huko ndani hakuna abiria anayewasikia.

NEKESA: Na wao wanamwitaje? Meja?

KIOKO: Kapteni. Meja anaitwa na mama yangu peke yake, akitaka kumtuma dukani.