Kiingilio hakikuwa cha mifupa

Ndugu zangu, habari za mchana. Charles Byrne, yule mtu mrefu ajabu wa Ireland wa karne ya 18 aliyejionyesha kwa kiingilio, mnamjua. Wengi wenu mmenisikia nikimtaja mara nyingi, na ninyi wanafunzi wa udaktari mliokaa huku mbele mmeiona picha ya mifupa yake vitabuni. Kwa hiyo sitaanza na tezi wala homoni. Nitaanza na kiingilio.

Mwaka 1782 kijana wa miaka 21, mzaliwa wa kaskazini mwa Ireland, mpakani mwa Derry na Tyrone, alifika London akapanga chumba Spring Gardens, kwenye duka la bakora. Akatangaza gazetini. Tangazo lenyewe limehifadhiwa na linasomeka mpaka leo: kila siku isipokuwa Jumapili, kuanzia saa tano asubuhi hadi saa tisa alasiri, halafu saa kumi na moja jioni hadi saa mbili usiku. Kiingilio nusu krauni kwa kila mtu, yaani shilingi mbili na peni sita za wakati ule. Urefu, linasema tangazo, futi nane na inchi mbili, karibu sentimita 249. Mifupa ilipokuja kupimwa ikaonekana alikuwa kama sentimita 231. Chumvi imetiwa, na watu wote wa maonyesho enzi hizo waliitia.

Naomba mlisome tangazo hilo kama mnavyosoma mkataba. Lina saa za kufungua, saa za kufunga, mapumziko ya mchana, siku ya kupumzika na bei. Huyo ni mtu aliye kazini. Aliyetoa nusu krauni alinunua nafasi ya kuingia, kumtazama, pengine kuzungumza naye maneno mawili matatu, kisha kutoka. Hicho ndicho kilichouzwa. Nimelisema hili kumbi nyingi na nitaendelea kulisema, kwa sababu kila siku nakutana na msomi anayeniambia kwamba Byrne alijiuza mwenyewe, basi analalamikiwa nini. Aliuza saa zake! Fundi cherehani akikushonea suti hujanunua vidole vyake.

Na kazi hiyo aliifanya akiwa mgonjwa. Uvimbe kwenye tezi ya pituitari, ile ndogo iliyo chini ya ubongo, humwaga homoni ya ukuaji bila kikomo. Ukianza kabla ncha za mifupa mirefu hazijafunga, mtoto anarefuka na kurefuka. Watu humwona mrefu wakadhani ana nguvu kuliko wote. Mwenyewe ana kichwa kinachogonga, magoti yanayouma, pengine macho yanayopoteza uoni wa pembeni, na moyo unaochoka mapema. Leo mpasuaji anaweza kuutoa uvimbe kwa kupitia puani, na zipo dawa za kuizuia homoni. Mwaka 1782 hapakuwa na kitu. Byrne alikuwa na pombe, na aliinywa sana. Watu wa London walipomchoka, kiingilio kikashuka hadi shilingi moja. Aprili 1783 akiwa baa aliibiwa noti za zaidi ya pauni 700, karibu akiba yake yote. Tarehe 1 Juni akafariki. Ana miaka 22.

Sasa sikilizeni sehemu ninayotaka muishike.

Kabla ya kufa alijua anawindwa. Sheria ya Uingereza ya wakati ule iliwapa wapasuaji maiti za wauaji walionyongwa, na hazikutosha, kwa hiyo maiti ziliibwa makaburini usiku. Mwili wa mtu mrefu kama yeye ulikuwa na bei. John Hunter, mpasuaji mwenye jina kubwa kuliko wote London, aliutaka. Alimweka mtu kazi yake ikawa kumfuatilia Byrne kila anakohamia, ajue siku atakayokata roho. Hebu jiweke katika nafasi ya huyo kijana: unaumwa, umeibiwa, na kila ukichungulia dirishani yupo mtu pale chini anasubiri ufe.

Byrne akafanya kila ambalo mtu asiye na mali wala ukoo karibu angeweza kufanya. Aliwaambia rafiki zake wazi kwamba hataki kupasuliwa. Akawaagiza wamweke katika jeneza la madini ya risasi, walipeleke baharini, walizamishe. Alichagua bahari kwa sababu kaburi lingefukuliwa. Fedha ya mazishi ilitoka katika kile alichobakiza. Mnataka ushahidi gani zaidi wa kauli ya mgonjwa? Ninyi madaktari mnamsainisha mgonjwa fomu kabla ya kumtoa jino, na mkiwa na saini mnaridhika. Huyu alitamka mbele ya mashahidi na akalipia.

Alipofariki, gazeti moja liliandika kwamba wapasuaji wameizunguka nyumba yake kama wavuvi wa Greenland wanavyomzunguka nyangumi. Rafiki zake walianza safari ya kuelekea Margate, pwani. Inasimuliwa kwamba njiani walisimama kulala na kunywa, na mtu wa mazishi alikuwa amekwisha kuhongwa. Kiasi kinachotajwa mara nyingi ni pauni 500. Jeneza likajazwa mawe. Rafiki zake wakalizamisha baharini kwa heshima zote, wakarudi wakiamini wametimiza ahadi. Mwili ulikuwa umepelekwa kwa gari la farasi usiku hadi nyumbani kwa Hunter, Earl's Court, ukakatwakatwa na kuchemshwa kwa haraka nyama itoke. Ndiyo sababu mifupa ile ni ya kahawia mpaka leo. Ukiiona rangi hiyo, hiyo ni alama ya haraka ya mtu aliyekuwa na kitu cha kuficha. Hunter aliificha kwa miaka kadhaa. Mwaka 1786 mchoraji Joshua Reynolds alipomchora Hunter, kwenye kona ya juu ya picha ikaonekana miguu ya Byrne ikining'inia, pambo la ukutani.

Najua mnachotaka kusema. Sayansi, mwalimu! Na sayansi ilipata kitu, hilo sibishani. Mwaka 1909 Harvey Cushing, mpasuaji wa ubongo kutoka Marekani, alimwomba Arthur Keith, msimamizi wa makumbusho ya Hunterian ya London yaliyokuwa na mifupa hiyo, wafungue fuvu. Wakakuta kile kishimo kinachobeba tezi ya pituitari kimepanuka kupita kiasi. Mwaka 2011 jopo la Márta Korbonits, daktari wa magonjwa ya homoni, lilichapisha matokeo ya vinasaba vilivyotolewa katika meno yake mawili. Wakaona hitilafu katika jeni iitwayo AIP, ile ile waliyonayo baadhi ya familia za eneo alikozaliwa Byrne, na wakakadiria kwamba wote wanatokana na mzazi mmoja aliyeishi miaka kama 1,500 iliyopita. Upimaji uliofuata ulionyesha kwamba katika Mid Ulster, eneo la Ireland ya Kaskazini, mtu mmoja kati ya kila 150 hivi anaibeba. Watoto sasa wanapimwa mapema. Ni jambo jema kabisa.

Lakini angalieni tarehe. Kati ya 1783 na 1909 ni miaka 126, na kwa miaka yote hiyo mifupa haikutibu hata mgonjwa mmoja. Ilitazamwa. Na mwaka 2011 yalihitajika meno mawili. Mifupa mingine yote ilifanya kazi gani kabatini? Leo watu walio hai wenye jeni hiyo wanatoa damu yao kwa hiari, wakiulizwa. Mmoja wao amesema hadharani kwamba mifupa ibaki kwa ajili ya utafiti. Namheshimu, ugonjwa ni wake na anajua anachosema. Hata hivyo anaweza kuutoa mwili wake mwenyewe, na hawezi kumtolea Byrne ruhusa ambayo Byrne aliikataa waziwazi.

Wengine hukimbilia sheria. Ni kweli, sheria ya Uingereza ya mwaka 2004 kuhusu viungo vya binadamu hailazimishi ridhaa kwa mtu aliyekufa zaidi ya miaka 100 iliyopita. Kwa hiyo mwizi akikaa na mali muda wa kutosha inakuwa yake? Nawaulizeni nyinyi mnaosoma sheria, mje mnijibu.

Mwaka 2023 makumbusho ya Hunterian yalipofunguliwa upya baada ya ukarabati, mifupa haikurudishwa kwenye maonyesho. Imewekwa ghalani kwa ajili ya watafiti. Mwaka 2011 Len Doyal, mtaalamu wa maadili ya tiba, na mwanasheria Thomas Muinzer walikuwa wameandika katika jarida la madaktari wa Uingereza wakitaka azikwe baharini. Azikwe, walisema. Kubadilishiwa kabati hakujatimiza hilo.

Muda unakwenda. Warefu wengine wawili tu kwa haraka. Patrick Cotter, Muayalandi mwenzake Byrne, wa kazi ile ile, alijifunza. Alistaafu akiwa na fedha, akafa Bristol mwaka 1806, na aliagiza kaburi lichimbwe futi 12 ndani ya mwamba na kuwekewa nondo. Hata hivyo lilikuja kufunguliwa na mifupa ikapimwa, mpaka mabaki yalipochomwa mwaka 1986. Wa pili ni Robert Wadlow wa Illinois, sentimita 272. Katika miaka ya 1930 alifanya kazi na sarakasi ya Ringling kwa masharti yake: atokee katikati ya ukumbi mkuu, avae suti ya kawaida, asivishwe kofia ndefu ya kumwongezea urefu. Alipokufa mwaka 1940, familia iliwakatalia wapasuaji na kulifunika jeneza kwa zege. Waliogopa mifupa yake isije ikaishia kabatini.

Na kwetu? Sarah Baartman, mwanamke wa Afrika Kusini, alionyeshwa London na Paris, akafa mwaka 1815, mwanasayansi Mfaransa Cuvier akampasua, na mifupa yake ikatazamwa Paris hadi miaka ya 1970. Alizikwa Hankey, Afrika Kusini, Agosti 2002. Fuvu la Mkwawa, mtawala wa Wahehe, lililochukuliwa na Wajerumani, lilirudi Kalenga mwaka 1954. Mwaka 2023 Berlin ilitangaza kwamba vinasaba vya baadhi ya mafuvu yaliyochukuliwa enzi za ukoloni vimelingana na vya watu walio hai hapa Tanzania. Ujuzi ule ule wa kisayansi unaotumika kuzuia mifupa unaweza kutumika kuirudisha. Old Moshi bado wanakitafuta kichwa cha Mangi Meli, mtawala wao aliyenyongwa na Wajerumani mwaka 1900, na kila ofisi wanayobisha hodi inawaelekeza ofisi nyingine.

Haya mama pale nyuma, umenyoosha mkono muda mrefu. Karibu, uliza.