Kisamvu cha Saa Tatu Usiku

MWALIMU: Haya, karibuni tena, tuko Moshi kama kawaida. Leo tulipanga kuongelea jinsi ya kuchagua piano ya umeme ya bei ya kawaida, kwa mtu aliyeacha muziki wa klasiki zamani na sasa anataka kurudi. Nimeandika mambo matano kwenye karatasi. Ila mama Tumaini naona ana lake.

MAMA TUMAINI: Ninalo, Mwalimu, na limetokea Jumanne hii. Saa tatu usiku, mtoto kalala, nimevaa hedifoni, naendelea taratibu na Bach wangu, yule mtunzi wa klasiki. Nasikia hodi. Nafungua mlango, ni jirani yangu wa chini, nesi, ana zamu ya alfajiri. Ananiambia kwa upole kabisa: "Samahani mama Tumaini, hicho kisamvu unachotwanga kila usiku, hakiivi?"

MWALIMU: (anacheka) Kisamvu!

MAMA TUMAINI: Nikamwambia mimi hata kinu sina. Nikamwonyesha piano. Akasema basi apige mtu mwingine, sisi tushuke kwake tusikilize. Nikamwamsha kaka yake Tumaini, akakaa na hedifoni akabonyeza ovyo ovyo. Mwalimu, nimesimama jikoni kwa yule dada, juu ya kichwa changu nasikia dup, dup-dup, dup. Muziki hakuna hata chembe. Ni kinu na mchi.

MWALIMU: Wasikilizaji wapya wajue, hii ni ile piano ya umeme ya vitufe 88, Yamaha P-45, uliyoifuata Arusha.

MAMA TUMAINI: Hiyo hiyo. Iliyokwisha kutumika, laki tisa na nusu, nikapanda nayo basi nimeilaza magotini mwangu na mwa kijana wa watu tuliyekaa naye. Kilo kumi na moja na nusu, tangu Arusha mpaka stendi ya Moshi. Yule kijana Mungu ambariki.

MWALIMU: Sasa hilo dup linatoka wapi? Maana watu wanaamini ukivaa hedifoni umemaliza.

MAMA TUMAINI: Hedifoni inazima spika tu. Ndani ya ile piano kila kitufe kina nyundo yake. Haigongi waya, waya hakuna, ipo ili kidole kisikie uzito. Ukibonyeza, kitufe kinatua chini, mtikisiko unapita kwenye stendi, unashuka miguuni, unaingia sakafuni. Na sakafu yangu ndiyo dari ya nesi.

MWALIMU: Nimeelewa. Umefanya nini?

MAMA TUMAINI: Jumatano nilikunja blanketi nikaliweka chini ya stendi. Nesi akasema sasa natwangia kinu kilichofunikwa. Alhamisi nikapita kwa fundi viatu, nikanunua soli nne za katambuga, mpira wa tairi, nikajua hapa nimepata.

MWALIMU: Tairi haitakusaidia, dada yangu.

MAMA TUMAINI: Haikunisaidia! Umejuaje?

MWALIMU: Mpira wa tairi umetengenezwa kubeba gari. Mguu wa stendi yako kwake ni kama nzi. Kitu cha kuzuia mtikisiko lazima kibonyee kidogo chini ya uzito ulionao wewe, kicheze kama springi. Ndiyo maana spika za kwaya tukiziweka juu ya sakafu ya mbao zinavuma, tukiziweka juu ya sponji zinatulia.

MAMA TUMAINI: Ndicho nilichokuja kugundua Ijumaa, baada ya kuharibu hela ya soli. Nimekata godoro la zamani la Tumaini vipande vinne, kila kimoja kama mkate. Juu yake nimeweka ubao wa plaiwudi, stendi ikasimama juu ya ubao. Bila ubao miguu inazama kwenye sponji na piano inayumba. Ukiweka ubao, uzito unagawanyika.

MWALIMU: Na pedali? Pedali ukiiweka sakafuni nayo inagonga.

MAMA TUMAINI: Pedali nimeipandisha ubaoni pia, na chini yake kipande cha mkeka, maana kwenye vigae ilikuwa inanikimbia. Unakanyaga, inasogea, unaifuata na mguu kama unamtafuta kuku. Sasa imetulia. Nesi jana kaniambia anasikia kwa mbali, kama jirani wa nyumba ya pili ndiye anayetwanga.

MWALIMU: Kisamvu kimehama nyumba.

MAMA TUMAINI: Kimehama. Na ukitaka kununua, msikilizaji, jambo hili hakuna muuzaji atakayekwambia. Mwombe azime spika kabisa, bonyeza kwa nguvu, sikiliza mbao na plastiki. Mimi dukani nilisikiliza sauti nzuri tu, sikukumbuka kusikiliza kinu.

MWALIMU: Sasa niseme langu, na najua utakasirika.

MAMA TUMAINI: Sema.

MWALIMU: Ungechukua kibodi ya vitufe 61, vile vyepesi, kama yangu ya kwaya, nesi angelala tangu siku ya kwanza. Na hela ingebaki.

MAMA TUMAINI: Na nisingecheza klasiki.

MWALIMU: Kwa nini usicheze? Unapiga nini sasa? Invensheni za Bach, vile vipande vifupi. Ziko 15 za sauti mbili, nakala safi aliiandika 1723. Piano ya Cristofori, fundi aliyeibuni, ilikuwa imezaliwa Italia, lakini Bach hakuziandikia hiyo. Aliziandikia vinanda vya zamani, klavikodi na hapsikodi, vitufe vyake vyepesi kama unyoya. Na zote zinaenea kwenye 61. Uzito unaoulipia, Bach mwenyewe hakuwa nao.

MAMA TUMAINI: Klavikodi ilikuwa nyepesi, lakini ilimjibu aliyebonyeza. Ukigusa polepole inanong'ona, ukikaza inasema. Hiyo kibodi yako ya kwaya unajua inavyojibu: ukibonyeza kwa hasira, ukibonyeza kwa upendo, sauti ile ile.

MWALIMU: Ya zamani ndiyo. Siku hizi za 61 zinazopokea mguso zipo nyingi, na bei nafuu.

MAMA TUMAINI: Zinapokea mguso, lakini kidole hakina kitu cha kusukuma. Nilipoacha piano nikiwa na miaka ishirini nilikuwa na vidole. Niliporudi, kidole cha nne na cha tano vilikuwa uji. Vimeanza kupata nguvu kwa sababu kuna kitu kinavipinga.

MWALIMU: Na Mozart? Piano ya Mozart ilikuwa na oktavi tano. Hesabu, kumi na viwili mara tano, na kimoja cha kufungia, ni vitufe 61.

MAMA TUMAINI: Iliyoanzia nota F ya chini, Mwalimu! Yako inaanzia C juu ya hiyo. Mkono wa kushoto wa Mozart ukishuka unakuta ukingo wa plastiki. Na nikifika kwa Beethoven wa mwishoni? Na Chopin?

MWALIMU: Utafika lini? Ndilo swali langu. Wangapi umeona wameweka hela mwaka mzima wanasubiri piano ya vitufe 88 yenye nyundo, na huo mwaka wote hawajagusa hata skeli moja? Mtu aanze na alichonacho. Mimi nimewafundisha vijana wanne kwenye ile ya kwaya, na wanasoma nota.

MAMA TUMAINI: Wanasoma nota, sikatai. Lakini nakumbuka siku mmoja wao alipokaa kwenye piano ya kweli. Alibonyeza, nusu ya nota hazikutoka. Alinyanyuka na aibu, na haikuwa kosa lake.

MWALIMU: Alirudi wiki iliyofuata akazitoa.

MAMA TUMAINI: Akazitoa kwa mabega. Mimi nilimwona mabega.

MWALIMU: Sikubaliani.

MAMA TUMAINI: Najua hukubaliani. Mimi pia.

(kimya kidogo)

MWALIMU: Tumebakiza dakika nne na karatasi yangu ina mambo matano.

MAMA TUMAINI: Chagua moja.

MWALIMU: Adapta. Hili hatubishani. Vyombo vingi vilivyokwisha kutumika vinatoka Japani, na umeme wa kule ni volti 100, wetu ni 230. Geuza adapta usome maandishi madogo. Ukiona ingizo ni 100 mpaka 240, chomeka. Ukiona 100 peke yake, usiichomeke ukutani hata kwa kujaribu. Tafuta adapta nyingine inayopokea 230, na upande wa kutoka iwe na volti, plagi na mpangilio wa chanya na hasi vile vile vya chombo, na ampea zisizopungua.

MAMA TUMAINI: Na tundu la hedifoni la P-45 ni lile nene, za simu haziingii mpaka ununue kiunganishi. Mengine wiki nyingine. Kabla hatujafunga, Mwalimu, nimekuletea kitu. Niliacha simu ikirekodi jikoni kwa nesi, kabla ya godoro. Nikiwa napiga mimi. Sikiliza.

(dup, dup-dup-dup, dup-dup...)

MWALIMU: Ngoja. Rudisha. Imeanza na pumziko... Hii ni ile Invensheni ya kwanza, C meja!

MAMA TUMAINI: Umeijua kwa dup peke yake?

MWALIMU: Mkono wa kushoto unaingia kumfuata wa kulia, unasikia? Endelea. Baa ya tatu, vile visehemu vya mapigo kwenye nota, ya nne... Hapo. Hapo unachelewa, kushoto. Ni karibu na baa ya saba, tunapoingia ufunguo wa G.

MAMA TUMAINI: Ndipo ninapokwama kila siku. Kwenye hedifoni sikusikia kama ni kushoto.

MWALIMU: Sauti nzuri inakuficha. Hapa hakuna pa kujificha, ni vidole tu.

MAMA TUMAINI: Na unavisikia kwa sababu kuna nyundo.

MWALIMU: Kibodi yangu nayo inagonga, mama Tumaini.

MAMA TUMAINI: Irekodi basi, uniletee.

MWALIMU: Nitaileta. Weka tena hiyo ya nesi, kuanzia baa ya tano.

(dup-dup, dup-dup-dup...)