Kingamwili za mama kwenye mwili wa mtoto: mhadhara kwa wakunga na wauguzi wa kliniki ya wajawazito

Ndugu zangu wakunga na wauguzi, habari za asubuhi. Najua wengine mmetoka zamu ya usiku mkaja moja kwa moja hapa, kwa hiyo naingia kwenye mada.

Kila siku ya kliniki mnawachoma wajawazito sindano ya pepopunda. Anayechomwa ni mama, lakini shabaha kubwa ni mtoto: kitovu kikikatwa kwa kifaa kichafu, mtoto awe tayari na kinga. Kinga hiyo inamfikia kwa njia gani? Mwili wa mama unatengeneza kingamwili, yaani protini za damu zinazopambana na vimelea, za aina ya IgG. Kondo la nyuma lina vipokezi ambavyo kazi yake ni kuzidaka kingamwili hizo kwenye damu ya mama na kuzivusha upande wa mtoto. Kazi huanza polepole kwenye mwezi wa nne hivi, kisha hupamba moto katika miezi mitatu ya mwisho. Mtoto aliyetimiza miezi huzaliwa akiwa na IgG kiasi kile kile alicho nacho mama, mara nyingine hata kumzidi.

Lakini kondo la nyuma halichambui. Ikiwa mama ana kingamwili zilizopotoka, zinazoishambulia ngozi yake mwenyewe, nazo zitavushwa. Ndiyo maana leo nataka tuzungumzie ngozi ya mama mjamzito tukimfikiria mtoto aliye tumboni.

Ugonjwa wa kwanza unaitwa pemfigoidi ya ujauzito. Ni nadra: takriban mimba 1 kati ya 20,000 hadi 50,000. Mkunga anaweza kufanya kazi miaka mingi asiuone. Zamani, tangu Milton wa London alipoueleza mwaka 1872, uliitwa kwa jina linalofanana na la virusi vya malengelenge, na hadi leo mama anaweza kuandikiwa dawa za virusi bila sababu. Hauna kirusi na hauambukizi. Mama huyu hajarogwa, wala buibui hajamkojolea. Nayasema haya kwa sauti kwa sababu nimeona mama akitengewa kitanda, sahani na hata mtoto wake mwenyewe kwa hofu tu.

Kinachotokea ni kwamba mwili wa mama unatengeneza kingamwili dhidi ya protini iitwayo BP180, mojawapo ya protini zinazoshikiza tabaka la juu la ngozi kwenye tabaka la chini. Protini hiyo ipo pia kwenye kondo la nyuma, na inaelekea ugomvi unaanzia huko kisha unahamia kwenye ngozi. Mshikizo ukilegea, maji hujaa katikati na lengelenge hutokea.

Mama atakuambia nini? Atakuambia anawashwa mpaka halali. Mara nyingi ni katika mwezi wa tano na kuendelea. Muwasho na vipele huanzia kitovuni au pembeni yake, vikatengeneza mabaka yaliyovimba, kisha siku au wiki chache baadaye malengelenge magumu yaliyojaa maji yakasambaa tumboni, mapajani na mikononi. Uso na mdomo kwa kawaida husalimika.

Hapa nisimame kidogo. Vitabu vingi tulivyosomea vina picha za ngozi nyeupe, na vinatuambia tutafute wekundu. Kwenye ngozi nyeusi wekundu hauonekani namna hiyo. Utaona weusi uliokolea, au rangi ya zambarau, au kijivu, na mara nyingine macho hayaoni kitu kabisa. Papasa kwa kiganja. Uvimbe wa baka unaushika kabla hujauona. Na mfunue mama tumbo lote, kitovu kionekane. Tunapima kimo cha mimba kila hudhurio, tumbo liko mbele yetu, lakini jicho liko kwenye utepe.

Kitovu ni muhimu kwa sababu kuna vipele vingine vya ujauzito, vya kawaida zaidi, takriban mimba 1 kati ya 160, ambavyo havina madhara kwa mtoto. Hivyo huanzia kwenye michirizi ya tumbo, hasa mimba ya kwanza au mimba ya pacha, na huzunguka kitovu bila kukigusa. Si sheria ya chuma, ila inasaidia sana pale ambapo maabara ya kuchunguza kipande cha ngozi iko mbali.

Na kuna mambo mawili ambayo hayatakiwi kusubiri. La kwanza, mama mwenye vidonda mdomoni, macho mekundu na ngozi inayouma na kubanduka. Uliza ametumia dawa gani. SP tunayowapa kukinga malaria, na kotrimoksazoli kwa wanaoishi na VVU, zina salfa, na salfa inaweza kuleta mzio mkali wa kuua. Huyo ni wa hospitali leo hii, na dawa isimamishwe. La pili, mama anayewashwa viganja na nyayo bila kipele chochote isipokuwa alama za kucha. Huyo mwangalie ini. Nyongo ikijikusanya kwenye damu na kupanda sana, mtoto anaweza kufia tumboni. Si ugonjwa wa kinga, lakini ningefanya kosa kuupita kimya, kwa sababu wote hawa huingia kwa sentensi moja: "Nesi, nawashwa."

Turudi kwa pemfigoidi. Mtoto wake yuko kwenye hatari ya kuzaliwa njiti au na uzito pungufu, hasa ugonjwa ukianza mapema na malengelenge yakiwa mengi. Takriban mtoto 1 kati ya 10 huzaliwa naye akiwa na vipele au malengelenge machache. Hayo hupona yenyewe ndani ya wiki chache, kadiri kingamwili za mama zinavyokwisha. Kuna pia pemfigasi, ugonjwa wa malengelenge laini na vidonda vya mdomo, ambao mama anaweza kuwa nao hata kabla ya mimba. Huo nao unaweza kumwachia mtoto vidonda vya wiki mbili tatu.

Lakini msikimbilie jina la nadra. Mtoto mchanga mwenye malengelenge kwenye viganja na nyayo ni kaswende mpaka vipimo vikatae. Angalia kadi ya mama, na mpime tena kama kipimo ni cha zamani. Malengelenge yenye usaha, au mtoto ana homa, ananyonya kwa ulegevu: huo unaweza kuwa uambukizo wa bakteria, apate matibabu mara moja.

Kuhusu dawa za mama, kuna jambo moja naomba lishikwe. Mama mwenye malengelenge mengi huhitaji prednisoloni, dawa ya steroidi inayotuliza kinga, na wengi huiogopa. Kondo la nyuma lina kimeng'enya kinachoizima prednisoloni, hivyo sehemu ndogo tu, takriban asilimia 10, ndiyo inayomfikia mtoto. Deksamethasoni haizimwi hivyo, inapita. Ndiyo maana tunaitumia kukomaza mapafu ya mtoto anayekaribia kuzaliwa njiti. Sasa fikiria mama anayekwenda duka la dawa kila wiki kuchomwa "sindano ya mzio", ambayo mara nyingi ndiyo hiyo hiyo deksamethasoni. Mtoto anapata dozi ambayo hakuna aliyekusudia. Fikiria pia krimu za kung'arisha ngozi zenye steroidi kali. Steroidi kali za kupaka zikizidi gramu 300 katika mimba nzima zimehusishwa na watoto wenye uzito mdogo. Muulize mama anapaka nini, umuulize kwa upole, maana ukimgombeza atakuficha.

Ugonjwa wa pili ndio unaoninyima usingizi zaidi: lupasi ya mtoto mchanga. Hapa mama ana kingamwili ziitwazo anti-Ro, na mara nyingine anti-La. Anaweza kuwa na lupasi, ugonjwa ambao kinga ya mwili huushambulia mwili wenyewe, au macho makavu na mdomo mkavu, lakini wengi wa akina mama hawa hujiona wazima kabisa. Mtoto anazaliwa vizuri, wiki chache baadaye anatokwa na mabaka ya mviringo usoni, hasa kuzunguka macho na kichwani, na jua huyazidisha. Nyumbani wataita fangasi, watapaka dawa ya mba. Mabaka hayo huisha kabla ya miezi 6 au 8, ingawa kwenye ngozi yetu yanaweza kuacha madoa meupe au meusi kwa muda. Mkinge na jua, basi. Ila moyo wake upimwe kwa ECG, kipimo cha umeme wa moyo.

Kwa nini moyo? Kwa sababu kingamwili hizo hizo, kati ya wiki ya 16 na 26, zinaweza kuunguza njia ya umeme wa moyo wa mtoto na kuacha kovu. Kovu halirudi nyuma. Hutokea kwa takriban watoto 2 kati ya 100 wa akina mama wenye anti-Ro, lakini mama aliyekwisha kupata mtoto mmoja wa namna hiyo, hatari inapanda hadi karibu 1 kati ya 6. Kati ya watoto wenye kovu hilo, takriban 1 kati ya 5 hupoteza maisha, na wengi wa wanaobaki huhitaji betri ya moyo.

Chombo cha kuugundua mnacho mkononi: fetoskopu. Moyo wa mtoto hupiga mara 110 hadi 160 kwa dakika. Ukisikia 60, umetulia, na mtoto anacheza vizuri, kwanza shika mkono wa mama uhakikishe husikilizi mapigo yake. Kama ni ya mtoto kweli, mpeleke mama siku hiyo hiyo penye ultrasaundi ya moyo. Mapigo yakishuka ghafla wakati wa uchungu ni dharura, hilo halibadiliki. Lakini kuna mama hupasuliwa mbio katika mwezi wa saba kwa moyo ambao umekuwa ukipiga 60 kwa wiki nyingi, na mtoto anajikuta ana matatizo mawili, moyo na unjiti.

Na kuna habari njema. Utafiti uliochapishwa mwaka 2020 uliwapa haidroksiklorokwini, dawa ya lupasi, akina mama waliokwisha kupata mtoto mwenye tatizo hili, kuanzia mwanzoni mwa mimba iliyofuata. Kurudia kulishuka kutoka takriban asilimia 18 iliyozoeleka hadi karibu 7. Ni vidonge, si mashine.

Dada pale nyuma ameuliza: mama huyu anyonyeshe? Ndiyo, dada yangu, anyonyeshe. IgG kwenye maziwa ni kidogo, na haidroksiklorokwini na prednisoloni kwa dozi za kawaida hazimzuii. Kama chuchu ina malengelenge au kidonda, akamue upande huo mpaka upone. Mfuatilieni mtoto kwa siku za mwanzo ikiwa mama alitumia prednisoloni nyingi: mpimeni sukari, mwangalieni asilegee.

Kabla ya kumruhusu mama, mwambieni kwamba pemfigoidi hulipuka tena mara nyingi wakati wa kujifungua, na inaweza kurudi mimba ijayo mapema zaidi na kwa ukali zaidi. Vidonge vya uzazi wa mpango vyenye estrojeni vinaweza kuiamsha, hivyo msaidieni achague njia nyingine. Kisha andikeni kwenye kadi, kwa herufi zinazosomeka, jina la ugonjwa, dawa alizotumia, na kwamba mimba ijayo aanze kliniki mara tu anapokosa hedhi. Kwa mwenye anti-Ro ongezeni: moyo wa mtoto upimwe kuanzia wiki ya 16.