Kalsiamu na Safari ya Neva Changa

SALIM: Karibuni wasikilizaji. Mvua imepusa hapa Mombasa, na dada yangu Mwanaidi amekuja na habari za neva.

MWANAIDI: Ahsante kaka. Wewe umekulia Mji wa Kale. Ukifungwa kitambaa machoni uambiwe nenda kwa muuza kahawa, utafika?

SALIM: Nitafika. Nitapapasa kuta, nifuate harufu ya kahawa na tangawizi.

MWANAIDI: Basi neva changa nayo hutembea hivyo hivyo. Mtoto angali tumboni, seli ya neva huchomoza uzi, na mwisho wa uzi pana ncha iliyotandaa kama kiganja. Vidole vyake vyembamba hutoka, hupapasa, hurudi. Mhispania Santiago Ramón y Cajal aliieleza ncha hiyo mwaka 1890, alipochunguza viinitete vya kuku.

SALIM: Na harufu inayofuatwa?

MWANAIDI: Ni protini. Mojawapo ni netrini, jina lililotokana na neno la Kisanskriti la mwenye kuongoza. Netrini hubisha hodi kwenye utando wa seli, na huko ndani kalsiamu hupanda. Ujue kalsiamu iliyo nje ya seli ni kama mara 10,000 ya ile iliyo huru ndani. Mlango ukifunguliwa kidogo tu, huingia kwa kasi.

SALIM: Ikiingia, ncha inageukia huko?

MWANAIDI: Hapo ndipo paliponishika, Salim, hata usingizi sikupata. Ikipanda vya kutosha upande wa kulia, hasa maghala ya ndani ya seli nayo yakimwaga yake, ncha huvutwa kulia. Ikipanda kidogo tu upande huo huo, ncha hukimbilia kushoto!

SALIM: Kitu kimoja, amri mbili?

MWANAIDI: Ndiyo, kwa sababu wapokeaji ni wawili. Kimeng'enya cha kalsinurini huamka kwa kalsiamu chache, nacho husukuma ncha mbali. Kingine, CaMKII, hungoja iwe nyingi, ndipo kivute.

SALIM: Kumbe kipimo ndicho kinachosema.

MWANAIDI: Na mwendo wake pia. Mwaka 1999 Timothy Gomez na Nicholas Spitzer walitazama uti wa mgongo wa viinitete vya chura wa kucha, yule wa kwetu Afrika. Kalsiamu ilikuwa ikijaa na kupwa ndani ya ncha, kama maji ya pale Tudor, ila kwa sekunde au dakika. Ilipojaa mara kwa mara, neva ilipunguza mwendo. Walipozuia kule kujaa, ikaenda mbio.

SALIM: Kuna mama mjamzito ametuuliza: akinywa maziwa mengi, neva za mwanawe zitakua upesi?

MWANAIDI: La, mama. Huko nje ya seli kalsiamu haipungui hivi hivi. Mwili wako huilinda, huifyonza zaidi kutoka kwenye chakula, na ikibidi huichota kwenye mifupa yako. Kinachoiongoza neva ni milango ya seli yenyewe, ifunguke upande gani na kwa muda gani. Maziwa kunywa, na dagaa kula na miiba yake. Mifupa yako inayahitaji hayo.